Kirore na Wembe: Ukeketaji katika Historia ya Kenya

Mjadala wa iwapo uliberali wa Magharibi, yaani itikadi inayotanguliza haki na uhuru wa mtu binafsi, una haki ya kupinga mila za jamii nyingine ulizuka Kenya mwaka 1929 juu ya karatasi ya kiapo. Wamisionari wa Kanisa la Scotland huko Kikuyu, wakiongozwa na Daktari John Arthur, waliwataka waumini watie alama ya kidole gumba kuthibitisha kwamba wameachana na irua ya wasichana, tohara iliyomwingiza msichana wa Kikuyu katika utu uzima na rika lake, na kwamba wamejitenga na Kikuyu Central Association, chama kilichodai ardhi iliyotwaliwa na walowezi. Alama hiyo iliitwa kirore, na jina hilo likawaganda walioitia. Watu waliokwisha kupokonywa mashamba hawakuona ajabu kuamini kwamba karatasi ile ilikuwa hati ya kutwaa hata ardhi iliyosalia. Kufunga mwili wa msichana na siasa ya ardhi katika kiapo kimoja lilikuwa kosa zito, kwani tangu siku hiyo kuitetea irua kukawa ndiko kuitetea nchi. Waumini wengi walihama makanisa, zikaanzishwa shule huru, zikiwemo za Karing'a, neno lenye maana ya "safi" au "halisi".

Desemba mwaka huohuo mbunge Duchess of Atholl alilifikisha suala hili katika Bunge la Uingereza, na mwaka 1938 Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya, aliitetea irua kuwa nguzo ya malezi na umoja wa Wakikuyu. Lakini kidonda kilikuwa cha msichana, ambaye sauti yake ilisikika kwa nadra kuliko zote.

Huko Meru, Njuri Ncheke, baraza la wazee, lilipopiga marufuku tohara hiyo mwaka 1956 kwa msukumo wa maofisa wa kikoloni, wasichana walichukua nyembe wakakeketana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe".

Miaka 40 baadaye, huko Tharaka, jirani na Meru, wanawake wa shirika la Maendeleo ya Wanawake na familia za hapo walianzisha Ntanira na Mugambo, "tohara kwa maneno": wasichana walitengwa, wakafundwa, wakatolewa kwa sherehe, bila wembe. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kuwa wanawake waliokeketwa walipungua kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022, na sheria ya 2011 iliyopiga marufuku ukeketaji ilitungwa na Bunge la Wakenya wenyewe. Sheria hiyo ilipopingwa mahakamani kwa hoja kwamba mwanamke mtu mzima ana uhuru wa kuchagua, hoja ya kiliberali iliyoletwa safari hii kuitetea mila, Mahakama Kuu iliikataa mwaka 2021, ikishikilia kwamba ridhaa haihalalishi madhara hayo.