Asilimia 61 walikataa, sheria ikapita

Wenzangu, leo twende Uingereza, mwaka 2005. Tarehe 30 Agosti, wizara ya mambo ya ndani kule London pamoja na serikali ya Scotland ilitoa karatasi ya kuuliza wananchi maoni: je, mtu mwenye anakutwa na picha za ngono za ukatili mkali nyumbani kwake aadhibiwe? Sheria ya zamani, ya 1959, ilikamata mwenye kuzitoa na kuzisambaza tu. Lakini intaneti ilikuwa imeingia, na mwenye kuzitoa alikuwa nchi ingine, mbali na polisi wa Uingereza.

Nyuma ya ile karatasi kulikuwa mama mmoja, Liz Longhurst. Binti yake Jane, mwalimu, aliuawa mwaka 2003, na mahakamani ikaelezwa kwamba muuaji alikuwa anaangalia tovuti zenye kuonyesha wanawake wakinyongwa. Yule mama, pamoja na mbunge Martin Salter, alikusanya saini zaidi ya 50,000. Nani angemwambia anyamaze?

Majibu yalipokelewa mpaka tarehe 2 Desemba. Yalifika 397, ndani ya nchi ya watu karibu milioni 60. Asilimia 61 walisema hakuna haja ya kukaza sheria, 36 waliunga mkono, wengine hawakuegemea upande. Tena swali moja lenyewe lilikubali kwamba utafiti haujathibitisha madhara ya zile picha, halafu likauliza kama hata hivyo kuna sababu ya kuzikataza. Mimi naona hilo swali ni la ajabu, lakini angalau lilikuwa la kweli.

Agosti 2006 serikali ikatangaza: sheria itatungwa.

Hapa wengi wanapiga kelele kwamba demokrasia ilidanganywa. Mimi siendi huko haraka. Mwezi ule ule wa Desemba 2005, sisi Congo tulipiga kura ya referandumu juu ya katiba, na kura inahesabiwa, moja kwa moja. Kuuliza maoni si kura. Wale 397 walijileta wenyewe. Yeyote mwenye alishafanya anketi ya TFC anajua majibu ya watu wenye wamejileta hayapimi taifa. Ndani yao kulikuwa polisi, makanisa, vyama vya kutetea wanawake na watoto, upande mmoja. Upande wa pili, watetezi wa uhuru wa kusema, na watu binafsi wengi sana wenye waliogopa kufungwa. Jibu la chama chenye kuhudumia wanawake waliobakwa linahesabika moja, sawa na jibu la mtu mmoja mwenye kukaa chumbani kwake.

Lakini basi, kama hesabu haina uzito, mbona zile saini 50,000 zilitajwa kila mara? Hapo ndipo naona kasoro. Namba ilipofurahisha ikaitwa sauti ya wananchi. Ilipoudhi ikaitwa maoni tu.

Na kulikuwa hoja moja ya wapinzani yenye ilistahili jibu zuri kuliko lile walipewa: watu wazima wawili wakiigiza kwa hiari yao tendo lenye si kosa, kwa nini picha yake iwe kosa? Serikali ilitafuta ushahidi nyuma ya uamuzi: mapitio ya utafiti yenye iliagiza yalitoka 2007, wakati mwelekeo ulishatangazwa mwaka mmoja mbele. Wasomi wengine wakayapinga vikali.

Sheria ilipita Mei 2008, kifungu cha 63, ikaanza kazi tarehe 26 Januari 2009, kifungo mpaka miaka 3. Serikali iliwaza kesi zitakuwa kama 30 kwa mwaka. Baada ya miaka michache mashtaka yalipita elfu moja kwa mwaka, na mengi sana yalihusu picha za ngono na wanyama, si zile za kunyonga zenye zilimtoa yule mama nyumbani. Picha za ubakaji zenyewe, kule Uingereza na Wales, zilingoja mpaka sheria ya 2015 ndipo ziingizwe wazi.