Njule, jamaa mdogo wa tembo

Ukitoka Kang'ata, mkoani Tanga nchini Tanzania, na kuipita Korogwe, unafika miguuni pa milima ya Usambara. Katika misitu yake anaishi njule mwenye kichwa na mabega ya rangi ya kutu na matako meusi ti. Uzito wake ni nusu kilo au zaidi kidogo. Pua yake ndefu haitulii: huizungusha huku na huku akipekua majani makavu, akitafuta mchwa, mende na jongoo, kisha huwanasa kwa ulimi.

Ni mnyama wa mchana. Usiku hulala katika kiota cha majani sakafuni mwa msitu, ambacho hata mwenyeji wa msitu anaweza kukipita asikione. Dume na jike hushirikiana eneo moja, ila kila mmoja hujitafutia chakula peke yake.

Wataalamu wa karne ya 19 walimweka kundi moja na tupaia, mnyama mdogo wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Vinasaba vimekanusha. Ndugu zake wa kweli ni tembo, pimbi, nguva na muhanga, ukoo uliochipuka hapa hapa Afrika, na hilo ni jambo la kujivunia.

Yupo pia Unguja na Mafia. Binamu yake mkubwa zaidi, wa milima ya Udzungwa, alitangazwa kwa sayansi mwaka 2008 tu.

Njule huhitaji kivuli na majani mengi yaliyoanguka. Moto na tanzi humwangamiza.