Kutoka Mujwa hadi Dallas

Kabla ya 1986, Mkatoliki wa Embu aliyetaka kumwona askofu wake alifunga safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Meru, akivuka mito ya Thuci, Nithi na Mutonga. Naanza na umbali huo kwa sababu historia ya kanisa la upande huu wa Mlima Kenya ni historia ya kufupisha njia.

Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walifika nchini mwaka 1902, wakapokewa Tuthu, Murang'a, na chifu Karuri wa Gakure. Aliyewatuma, Padre Giuseppe Allamano wa Turin, hakuwahi kukanyaga Afrika. Oktoba 2024 alitangazwa mtakatifu. Mwaka 1911 watu wake walikuwa wamefika Umeru na kuweka makao Mujwa, Imenti. Hawakuwa peke yao. Waanglikana walikuwa Kigari, Embu. Wamethodisti wakaja Kaaga mwaka 1912. Wapresbiteri wa Kiskoti baadaye wakajenga hospitali Chogoria. Waprotestanti waligawana maeneo ya kazi baina yao, ila Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo, wakaingia kote. Ushindani ulikuwa mkali, na mtoto wa kijijini ndiye aliyefaidika, maana kila upande ulitaka kuwa na shule.

Kikanisa, Umeru ulitengwa na Nyeri mwaka 1926, ukawa jimbo kamili mwaka 1953, na askofu wake wa kwanza akawa Lorenzo Bessone, Mwitaliano. Mwaka 1976 alimpisha Silas Njiru, na hapo mwenyeji akashika fimbo ya uchungaji.

Lakini ukiniuliza kazi ya jimbo hili ni ipi, sitaanza na maaskofu. Nitakupeleka Tuuru, kwenye milima ya Nyambene. Palikuwa na kituo cha watoto waliopooza kwa polio, na maji hayakuwapo. Bruda Giuseppe Argese, fundi wa Consolata, akaingia msituni, akakinga maji yanayodondoka kutoka kwenye ukungu na vijito vya mlimani, akayaingiza kwenye mabomba yanayoteremka kwa mwinamo wa ardhi tu, bila mashine ya kuyasukuma. Kazi iliyoanza kwa ajili ya watoto wale ikaendelea miaka na miaka hadi maji yakafika vijiji vikavu vya chini, kwa maelfu ya watu. Wameru walimwita Mukiri, yaani mtu mkimya. Alifariki mwaka 2018. Mama aliyewahi kubeba mtungi mgongoni tangu alfajiri hahitaji kufafanuliwa mahubiri ya namna hiyo.

Hospitali nazo zilifuata njia hiyohiyo ya kumkaribia mgonjwa alipo: Nkubu, Chaaria kwa mabruda wa Cottolengo, na Kyeni kwa watu wa Embu.

Tarehe 9 Juni 1986 Papa Yohane Paulo II aliikata Embu kutoka jimbo la Meru iwe jimbo. Askofu wa kwanza akawa John Njue, mzaliwa wa Embu, aliyepewa upadre Roma na Papa Paulo VI mwaka 1973. Mwaka 2007 akawa kardinali, akiwa Askofu Mkuu wa Nairobi. Baada yake Embu ilichungwa na Anthony Muheria, kisha Paul Kariuki Njiru, na tangu 2024 Peter Kimani Ndung'u. Meru nayo ilikuwa imekwisha kuiachia Isiolo ijitegemee mwaka 1995. Askofu wa Isiolo, Luigi Locati, aliuawa Julai 2005, na jeraha hilo bado linauma.

Sasa Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo liko Embu mjini, na mkazi wa Dallas, mtaa wa mji huo, hana tena mito mitatu ya kuvuka. Hata hivyo safari ya kufupisha njia haikuishia mlangoni pa kanisa kuu. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki walikutana Nairobi, wakatilia mkazo jumuiya ndogo ndogo: majirani wachache, wenye mtakatifu msimamizi wao, wanaokutana nyumbani kwa mmojawao kila juma. Katika mtaa wa wapangaji kama Dallas, wenye watu wa kutoka pande nyingi, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Wanasoma Injili ya Jumapili ijayo, wanachangia aliyelazwa na aliyefiwa. Viti visipotosha, watu hukaa kitandani na watoto chini. Kabla ya sala ya mwisho huulizana juma lijalo ni kwa nani.