Chatu aliyetapika pesa, na Kiswahili kilichobaki mtazamaji

NGUBA, BUKAVU. Mwaka 2025 ulitimiza miaka 35 tangu chatu ammeze binti katikati ya Kinshasa. Hakuna polisi aliyeandika ripoti, wala hakuna maiti iliyoonekana. Hata hivyo mji mzima uliijua habari hiyo, na mwenye vijisenti mfukoni alinunua picha zake. Zilikuwa ndani ya kijitabu cha karatasi duni, wino mweusi mtupu, maneno ya Kilingala. Mtunzi wake alikuwa mtu mmoja aliyejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza.

Hapa Nguba, komini ya Ibanda, kumbukumbu hiyo imepita bila mtu kuigusa. Kijana wa mtaa huu anayependa kuchora anamjua Spider-Man, na Naruto anamjua mpaka mkunjo wa kitambaa chake cha kichwani. Tintin amemkuta kwenye rafu ya mjomba aliyewahi kuishi Ubelgiji. Muulize sasa mtunzi wa katuni wa nchi yake mwenyewe. Pengine atakutajia Barly Baruti, kisha atatafuta jina la pili na kulikosa. Tusimlaumu, maana hakuna aliyemwonyesha.

Anayetaka kuifuata historia hii hana budi kupita kwa wageni wawili. Wa kwanza ni Nancy Rose Hunt, mwanahistoria Mmarekani aliyechapisha mwaka 2002 makala ndefu kuhusu Tintin na katuni za Wakongo. Wa pili ni Christophe Cassiau-Haurie, mkutubi Mfaransa aliyeandika historia ya fani hii katika vitabu kadhaa. Sisi wenyewe tulizisoma katuni, tukacheka, tukafungia maandazi kwa kurasa zake. Waliozitunza ni wao.

Mwanzo ulikuwa wa mahubiri. Baada ya vita vya pili vya dunia, idara ya habari ya serikali ya kikoloni ilichapisha jarida la picha la Nos Images, kwa Kifaransa pamoja na lugha kubwa za nchi, Kiswahili kikiwemo. Ndani yake alikuwemo Mbumbulu, baba wa familia aliyetakiwa kuwa mfano kwa Wakongo wenzake: msafi, mchapakazi, mwenye kushika adabu za Kizungu. Kwa hiyo msomaji wa Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa enzi hizo, aliweza kusoma hadithi ya picha kwa Kiswahili. Alichopewa asome ni namna ya kuwa mtu mwema machoni pa bwana mkubwa. Neno hilo tulishike, tutalihitaji mbele.

Tintin ameshasemwa vya kutosha. Hergé, mtunzi wake ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, alianza kuchapisha safari ya Tintin huko mwaka 1930 katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, na albamu ikatoka 1931. Katika ukurasa mmoja Tintin anasimama mbele ya darasa na kuwaambia watoto weusi kwamba leo watajifunza habari za nchi yao, yaani Ubelgiji. Toleo la rangi la 1946 liliiondoa Ubelgiji na kuweka hesabu ya mbili kujumlisha mbili. Mwaka 2007 Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa kukipiga marufuku.

Lisilosemwa sana ni hili. Baada ya uhuru, wachapishaji wa Ulaya walisita kukirudisha kitabu hicho madukani. Mwishoni mwa miaka ya 1960, gazeti la Zaïre la Kinshasa ndilo lililokichapa upya kwa wasomaji wake. Hoja yake ilikuwa kwamba picha zile zinamchekesha Mkongo, kwa sababu ndani yake anamwona Mzungu aliyedhani kweli kwamba watu wako hivyo. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini inaonyesha kwamba kicheko kilikuwa kimebadilisha mikono.

Kicheko hicho kilishapata jarida lake. Mwaka 1968 Achille Ngoie na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes mjini Kinshasa. Kizazi chao kilikuwa kimelelewa na sinema. Tangu miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya enzi hizo, walikuwa wakiangalia filamu za kauboi, wakafunga skafu shingoni, wakajiita Mabill kwa heshima ya Buffalo Bill, na kuzipa mitaa yao majina kama Texas. Walijitungia pia lugha, Hindubill, mchanganyiko wa Kilingala na Kifaransa ambao mzazi alisikia sauti tu asipate maana. Jeunes pour Jeunes ilifanya lile ambalo mwalimu yeyote angelikataza: iliiweka lugha hiyo midomoni mwa wahusika wake, polisi Apolosa akiwa miongoni mwa waliopendwa zaidi. Rais Mobutu alipotangaza siasa ya uhalisi na nchi ikabadilishwa jina Oktoba 1971, jarida nalo lilivua jina la Kifaransa na kuitwa Kake.

Huyo Ngoie ni mfano wa mtunzi wa katuni alivyo kikwetu: mwandishi wa habari, mpenzi wa muziki na wa hadithi za uhalifu, mwenye sikio refu barabarani. Baadaye alihamia Ufaransa na kuandika jina lake Ngoye. Mwaka 1996 riwaya yake Agence Black Bafoussa ilimfanya mwandishi wa kwanza kutoka Afrika nyeusi kuingia katika Série noire, mfululizo maarufu wa riwaya za upelelezi wa Gallimard. Watu wa fasihi wanamkumbuka kwa riwaya hiyo, na wachache wanakumbuka kwamba mkono wake aliuzoeza kwenye gazeti la vijana.

Sasa turudi kwa chatu.

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza huko N'Sele kwamba enzi ya chama kimoja imekwisha. Magazeti yakafumuka kila upande. Wakati huohuo Kinshasa ilikuwa na gazeti lake lisilohitaji kibali, radio trottoir, uvumi unaotembea kwa miguu kutoka foleni ya mkate hadi kituo cha basi. Ndani ya uvumi huo kulikuwa na mtu mkubwa, tajiri mwenye gari, anayewachukua wasichana ambao hawarudi nyumbani.

Jaspe-Saphir Nkou-Ntoula, ndiyo majina halisi ya Papa Mfumu'eto, aliuchukua uvumi huo na kuuchora katika mojawapo ya matoleo yake ya mwanzo kabisa. Tajiri anampeleka binti ndani. Mlango ukishafungwa, mwanamume anageuka chatu na kummeza. Kisha, mfululizo unapoendelea, chatu anatapika, na kinachotoka ni pesa, tena dola.

Mtu aliyesoma hayo mwaka 1990 hakuhitaji maelezo. Zaïre, sarafu ya nchi, ilikuwa inayeyuka. Miaka miwili baadaye serikali ingetoa noti ya zaïre milioni tano, noti ambayo wafanyabiashara waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wangezua ghasia Kinshasa. Kwa hiyo mwenye dola alikuwa mtu wa kuulizwa amezitoa wapi, na katuni ilijibu kwamba amezitoa tumboni mwa watoto wa watu. Rais mwenyewe alijulikana kwa kofia ya chui, lakini hapakuwa na haja ya kumvika chatu kofia. Kila msomaji aliivisha mwenyewe akilini mwake, na mchoraji alibaki na mikono misafi. Hunt anaipa hadithi hii uzito mkubwa, nasi tunaona sababu. Mashairi mengi ya siasa ya mwaka ule yamesahaulika, na chatu bado anatambaa.

Kazi ya kila siku ya mtu huyu ndiyo inayostahili kufundishwa. Alitunga mwenyewe, akachora mwenyewe, akaandika kwa mkono kila neno ndani ya viputo, akapeleka kwa mchapaji na kuvisukuma vijitabu vyake barabarani na masokoni. Albamu ya jalada gumu hakuitaka. Alitaka kitu ambacho mama muuza mihogo angeweza kukilipia bila kuhesabu mara mbili. Aliandika Kilingala cha watu, pamoja na makosa yao na matusi yao. Alijichora yeye mwenyewe ndani ya hadithi, akajipa vyeo vya kifalme, akachanganya mamba muntu (nguva), wachawi, wake wenza wanaogombania mume na wakubwa wa nchi katika ukurasa mmoja. Akikatiza hadithi mahali patamu, msomaji alilazimika kusubiri toleo lijalo, na toleo lilipochelewa watu waliimalizia wenyewe mdomoni. Mtunzi aliupokea uvumi kutoka barabarani na kuurudisha barabarani ukiwa na sura.

Ubishi haukukosekana. Walioheshimu sanaa ya shuleni waliona michoro yake imekwenda mbio mno. Wenye dini waliona uchawi umezidi. Lakini ubishi huo wote ulikuwa wa watu waliokwisha kusoma, na hakuna mtunzi anayechukia kubishaniwa na wasomaji wake.

Leo vijitabu hivyo viko wapi? Mkusanyiko wake mkubwa, pamoja na rasimu na karatasi za mtunzi, umehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Mwaka 2015 kazi zake zilitundikwa Paris katika maonyesho ya Beauté Congo ya Fondation Cartier. Mwanafunzi wa Nguba akitaka kumwona chatu wa Kinshasa, njia yake iliyo karibu ni kununua megabaiti na kumtafuta Marekani kwa simu. Watu wa Florida wanastahili shukrani. Aibu ni ya kwetu, tulioshindwa kupata hata kabati moja.

Baada ya Mfumu'eto historia inakwenda kwa hatua ndefu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, alichapisha Ulaya pamoja na mtunzi Frank Giroud, na mwaka 2014, pamoja na Cassiau-Haurie, akatoa Madame Livingstone, hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika. Pat Masioni alichora mauaji ya Rwanda ya 1994. Kisha akachora matoleo mawili ya Unknown Soldier, katuni ya Kimarekani iliyotungwa na Joshua Dysart kuhusu vita vya kaskazini mwa Uganda. Hapa Bukavu zilikuja nyakati za risasi: wakimbizi wa 1994, vita vya 1996, vita vya 1998, na mambo mengine hadi Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini. Katika miaka kama hiyo karatasi hutafutwa kwa ajili ya orodha za misaada kwanza.

Lakini vita pekee havijibu swali letu: kwa nini Bukavu haina katuni zake za Kiswahili. Michoro haikukosekana Kivu hata siku moja. Tazama kuta za vituo vya afya na za shule, Nguba kama kwingineko: nawa mikono, lala ndani ya chandarua, peleka mtoto chanjo, usimpige mkeo, jiandikishe upige kura. Yote ni kweli na yote ni muhimu. Na yote ni Mbumbulu. Miaka zaidi ya 70 imepita, bwana mkubwa amebadilika kutoka idara ya mkoloni kuwa mradi wa mfadhili, na mhusika wetu bado anafundishwa adabu. Haruhusiwi kudanganya, kulewa, kumtapeli shemeji yake, wala kumezwa na chatu. Karibu na mwaka 2020, watafiti wa mji huu walipoandika kuhusu madhila ya kazi yao katika makala za Bukavu Series, mchoraji Tembo Kash alizitolea katuni zenye makali kweli. Zilizunguka kwenye maonyesho na kwa wasomi, hazikushuka sokoni.

Wenzetu wa lugha moja walifika mbali. Tanzania ilikuwa na jarida la Sani, lenye kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge, watu ambao hakuna wizara ingewaajiri kufundisha maadili. Wakenya walimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kinshasa ilipata katuni zake kwa Kilingala kwa sababu kuna mtu aliyeamini kwamba lugha ya foleni ya mkate inatosha kuandikwa. Kiswahili cha Bukavu, kinachobeba Kifaransa na Mashi bila kuomba ruhusa, hakijapewa imani hiyo. Tunakitumia kubishana, kutongoza, kutukana na kuomboleza, halafu tukishika kalamu tunahamia Kifaransa.

Tusiseme hakuna vipaji. Wachoraji wapo, wanaandika majina ya saluni na kupamba malori. Wachapaji wapo, na kila wiki wanatoa kadi za harusi na matangazo ya mazishi. Uvumi nao haujawahi kuadimika mji huu. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuuketisha uvumi huo kwenye kurasa nane na kuuza kila nakala kwa bei ya andazi na chai. Asiandike ombi kwa shirika lolote, kwa sababu jibu litakuja na somo la kufundisha ndani yake. Mfumu'eto hakungoja mradi upitishwe, na mlipaji wake alikuwa mmoja tu: msomaji aliyetaka kujua chatu amemfanya nini yule binti.