Meya, gavana au mkurugenzi: Thika na Ruiru zikilinganishwa na majirani

KABLA ya mwaka 2013, mkazi wa Thika aliyetaka kulalamikia taka zisizozolewa alijua mlango wa kubisha. Baraza la manispaa lilikuwa mjini humo humo, likiwa na meya, madiwani na karani wake. Ruiru nayo ilikuwa na baraza lake. Siku hizi miji hiyo miwili iko chini ya serikali ya Kaunti ya Kiambu, ambayo makao yake makuu ni mji wa Kiambu, na mwenye kuulizwa ni gavana.

Wengi huyaona mabadiliko hayo kuwa ni ofisi kuhama tu. Kilichobadilika hasa ni mfumo wenyewe wa utawala, na tofauti hiyo hudhihirika mtu akitazama yanayotendeka Tanzania na Uganda.

Katika enzi za mabaraza, yaliyoongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, mwananchi hakumpigia meya kura. Alimchagua diwani, kisha madiwani wakamteua mmoja wao kuwa meya. Huo ni mtindo wa kibunge uliorithiwa kutoka Uingereza, ambako waziri mkuu hutokana na wabunge na huanguka wakimkataa. Meya wa Thika alihitaji kuungwa mkono na madiwani wa Thika, basi.

Hata hivyo, mkufu wa dhahabu shingoni mwa meya ulimetameta kuliko mamlaka yake. Bajeti na sheria ndogo za baraza zilihitaji idhini ya waziri aliyekuwa Nairobi, na waziri huyo aliweza kulivunja baraza lenyewe. Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa mwaka 1983, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi mwaka 1992. Fedha pia zilikuwa haba, mpaka sheria ya mwaka 1998 ilipoyatengea mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato.

Katiba ya mwaka 2010 iliyafuta yote hayo. Magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 4, 2013, kwa kura ya moja kwa moja, kwa mfano ulio karibu zaidi na wa Marekani: gavana si mwanachama wa bunge la kaunti, na mawaziri wake pia si madiwani. Kaunti zote 47 hugawana angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa.

Nguvu imeongezeka, lakini ukaribu umepungua. Kiambu ina wadi 60. Kati ya hizo, eneobunge la Ruiru lina 8 na Thika Mjini 5. Gavana hutafuta kura kutoka Lari hadi Gatundu, na anaweza kushinda hata kama Thika imemkataa. Meya wa zamani hangeweza kuufanyia mji wake hivyo.

Kumwondoa gavana pia ni safari ndefu. Wakazi wa Kiambu waliishuhudia pale madiwani walipopiga kura ya kumtimua Ferdinand Waititu mwezi Desemba 2019. Hoja ililazimika kufika katika Seneti, iliyoidhinisha kuondolewa kwake Januari 29, 2020. Aliyeshika usukani ni naibu wake, James Nyoro, kwa sababu katiba ndiyo isemavyo. Madiwani hawakuwa na nafasi ya kuchagua mrithi.

Tanzania imebaki na sura ambayo mzee wa Thika angeitambua mara moja. Madiwani ndio humchagua meya, lakini mtendaji mkuu, yaani mkurugenzi, huteuliwa na Rais, sawa na mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Serikali za mitaa zilifutwa huko mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Hata baada ya hapo mkono wa juu haujalegea: Februari 2021, Rais John Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala.

Jambo moja ambalo Kenya haina ni mwenyekiti wa mtaa. Mtanzania humchagua huyu kwa kura. Mwenzake wa Ruiru huongozwa, katika ngazi hiyo, na chifu na naibu wake, ambao ni watumishi wa serikali kuu.

Uganda imechanganya yote mawili. Mabaraza yake, kuanzia LC1 kijijini hadi LC5 wilayani, yana mizizi katika vita vya msituni vya miaka ya 1980, na wenyeviti wa wilaya huchaguliwa moja kwa moja. Uchaguzi wa LC1 wa mwaka 2018 ulifanywa kwa watu kupanga foleni nyuma ya mgombea, utaratibu ambao Wakenya waliokumbwa na mlolongo wa mwaka 1988 hawautamani. Kampala ilipata sheria yake mwaka 2010. Jiji lilibaki na Meya Mkuu wa kuchaguliwa, lakini mamlaka ya utendaji yakawa kwa mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Erias Lukwago, aliyechaguliwa mwaka 2011, alivutana na mpangilio huo kwa miaka mingi.

Kwa kipimo hiki kaunti ya Kenya ina kinga ambayo majirani hawana. Rais hawezi kuivunja apendavyo. Kifungu cha 192 kinadai tume huru ya uchunguzi na idhini ya Seneti, na kusimamishwa kwa kaunti hakupiti siku 90 bila Seneti kukatiza au uchaguzi kufanywa. Tume ilipopendekeza Makueni isimamishwe mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta alikataa.

Pengo limebaki ndani ya kaunti yenyewe. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 inaruhusu manispaa kuwa na bodi na meneja, lakini wanabodi hawapigiwi kura na wakazi wote wa mji. Marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha kiwango cha kuwa jiji hadi watu 250,000. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 Thika, kwa hiyo kwa idadi pekee miji yote miwili imefuzu. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024. Hakuna hata moja kati ya majiji hayo ambalo wakazi wake humchagua meya.