Mtu wa Kupitisha Barua

Haya wasomaji, leo tuiache programu kidogo tuongee historia. Nilipokuwa chuoni, mhadhiri wetu alisema kwa sentensi moja tu kwamba hisabati ya uwezekano ilianzishwa mwaka 1654 na Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, kisha akageukia ubao na fomula zake. Nilipita mtihani, yakaisha. Juzi nimezisoma barua zao na kugundua kwamba watu hawa walikuwa hawajaonana. Fermat alikuwa mwanasheria kule Toulouse, kusini, na Pascal alikuwa Paris. Katikati yao palikuwa na mtu wa tatu, Pierre de Carcavi, ambaye mhadhiri hakumtaja kabisa.

Kazi ya Carcavi ilikuwa na mwenyewe kabla yake. Marin Mersenne, mtawa wa Paris, aliwaandikia wataalamu wa Ulaya nzima, akanakili jibu la huyu na kumpelekea yule, akawauliza maswali ya kuwachokoza. Mwaka 1635 alianzisha mikutano ya wanahisabati, na Pascal aliletwa pale na babake akiwa bado kijana mdogo. Carcavi ndiye aliyemjulisha Mersenne kwa Fermat. Mersenne alipofariki mwaka 1648, chumbani mwake zilikutwa barua za watu zaidi ya 70. Kwa lugha yetu ya leo, seva ilikuwa ni yeye mwenyewe.

Sasa swali. Mcheza kamari mmoja, Chevalier de Méré, alimuuliza Pascal: wawili wanacheza mchezo wa bahati, kila mmoja ameweka sarafu 32, na wa kwanza kushinda raundi tatu anachukua zote. Mchezo unakatizwa mmoja akiwa na mbili, mwenzake moja. Pesa zigawanywe vipi? Pascal alijibu 48 kwa 16. Wakicheza raundi moja zaidi, aliye mbele ama anachukua zote 64 ama wanalingana, kila mtu 32. Hivyo 32 ni zake kwa vyovyote, na zile nyingine 32 wanagawana nusu kwa nusu.

Fermat alihesabu kwa njia nyingine. Tuseme mmoja amebakiza raundi mbili na mwenzake tatu. Mchezo hauwezi kupita raundi nne, kwa hiyo orodhesha njia zote 16: 11 zinampa wa kwanza ushindi, 5 wa pili. Pascal akawaonyesha wenzake wa Paris, na hapo Roberval, mwanahisabati mmoja mbishi, akapinga. Unahesabuje raundi nne wakati mchezo unaweza kuisha kwa mbili? Nakiri mimi mwenyewe ningeuliza hivyo hivyo. Pascal akamjibu kwamba wakikubaliana kuendelea hadi mwisho, mshindi habadiliki. Kisha akamwandikia Fermat tarehe 24 Agosti, akaeleza ubishi wote bila kumficha Roberval.

Lakini katika barua hiyo hiyo Pascal mwenyewe aliteleza. Alijaribu wachezaji watatu, mmoja amebakiza raundi moja na wengine wawili mbili mbili, jumla njia 27. Pale ambapo wawili wote wametimiza idadi yao, aligawanya pesa nusu kwa nusu, akapata 16, tano na nusu, na tano na nusu. Akaona njia ya Fermat haifai kwa watatu. Fermat akajibu mwezi Septemba kwa upole tu: anayetangulia kutimiza ndiye anachukua zote, raundi za ziada ni za kurahisisha hesabu. Majibu ni 17, 5 na 5. Nimeandika mistari michache ya programu kuzipitia njia zote 27. Fermat yuko sawa. Pascal naye alikubali kosa lake mwezi Oktoba, bila kinyongo.

Hapa ndipo ninapomlaumu kidogo Carcavi na wenzake. Mambo haya yote yalibaki kwenye bahasha. Mwaka 1655 kijana Mholanzi, Christiaan Huygens, alifika Paris, akasikia kuhusu swali lile, lakini njia ya kulitatua hakupewa. Ikambidi alirudie mwanzo peke yake nyumbani. Mwaka 1656 Carcavi alimpelekea majibu na maswali ya Fermat, naye Huygens akaona wamefikia pale pale. Mwaka 1657 kitabu chake kilichapishwa, kimefungwa kwa maswali matano, mengine ya Fermat na moja la Pascal. Jakob Bernoulli alikiweka chote ndani ya kitabu chake cha 1713 pamoja na maelezo yake.

Barua zenyewe? Baadhi zilitoka Toulouse mwaka 1679. Pascal alikuwa amekufa mwaka 1662, Fermat 1665.