Uso wa Saa kama Hati ya Historia

Ili kukadiria umri wa saa ya fahari ya zamani, wachunguzi husoma kwanza maandishi madogo ya ukingo wa chini wa uso wake. Submariner ya Rolex, iliyoanza mwaka 1953, ni mfano mwema. Nyuso zake za awali zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani, na ukingoni ziliandikwa SWISS tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilishika nafasi tritiamu, yenye mnururisho hafifu zaidi. Ndipo ikaongezwa herufi T. Tritiamu nayo ilipoachwa, yapata mwaka 1998, neno SWISS likarudi peke yake kwa muda mfupi. Neno ni moja, nyakati ni mbili.

Mabadiliko hayo hayakuletwa na urembo. Katika miaka ya 1920, huko Marekani, wanawake waliopaka radiamu kwenye nyuso za saa, wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao, waliugua na wengine wakafa. Katika muongo huohuo, sehemu kubwa ya radiamu ya dunia ilitokana na mawe ya Shinkolobwe, Katanga, yaliyosafishwa Olen, Ubelgiji, tangu mwaka 1922.

Hata hivyo, mafundi walizoea kubadilisha nyuso zilizochakaa. Uso wenye T ndani ya kasha la mwaka 1958 si lazima uwe hila. Huenda ni alama ya matengenezo. Uso hujishuhudia wenyewe. Kasha lina namba yake. Umri wa kipande si umri wa kitu kizima.